Mafuta ya Majani Yenye Harufu: Yanasaidia Wapi, Yanadhuru Wapi?



Vikundi kadhaa vya upande wa Turbo, Soy na Kesses vimetuuliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Siku hizi kuna vichupa vidogo vya mafuta ya harufu kali vinavyouzwa sokoni na kwenye steji za matatu hapa Eldoret. Muuzaji husema mafuta hayo hutibu mafua, kifua, maumivu ya viungo, pumu, presha na kukosa usingizi, yote kwa kichupa kimoja. Kikundi kimoja kilitaka kujua kama ni vizuri kutoa pesa za chama kununua vichupa kwa jumla na kuviuza kijijini. Mama mwingine aliuliza hivi: mtoto mchanga akibanwa na kifua, mafuta hayo apakwe wapi?

Swali la huyo mama ndilo lililotufanya tusingoje. Someni somo hili pamoja kwenye mkutano, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Likiwa refu, ligaweni mara mbili, lakini ile sehemu ya watoto msiiahirishe.

MAFUTA HAYA NI KITU GANI?

Vunja jani la mkaratusi, ule mti ambao wengi wetu tunauita bluugamu, au sugua mchaichai kati ya vidole. Harufu inayokujia ni mafuta mepesi yaliyokuwa ndani ya vifuko vidogo sana vya jani. Si mafuta kama ya kupikia. Ya kupikia ukidondosha tone kwenye karatasi huacha doa la kudumu. Haya huruka hewani na karatasi ikakauka.

Namna ya kuyatoa ni kwa mvuke. Majani hujazwa ndani ya pipa, mvuke wa maji unapitishwa katikati yake, unabeba yale mafuta, kisha unapozwa kwenye bomba linalopita katika maji baridi. Mwishoni mafuta huelea juu ya maji, yakachotwa. Wale wanaojua vile chang'aa hupikwa wataelewa upesi. (Hatuulizi mmejulia wapi.)

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana somo lote limesimama juu yake. Kilo 100 za majani mabichi ya mkaratusi wa aina nzuri hutoa lita 1 mpaka 2 tu za mafuta. Maana yake ni kwamba kijiko kimoja cha chai kimebeba nguvu ya robo mpaka nusu kilo ya majani. Hakuna mzazi kati yetu anayeweza kumlisha mtoto nusu kilo ya majani ya mkaratusi. Lakini kijiko tunakiona kidogo, na tunasema moyoni, "Si ni miti shamba tu?" Sumu nyingi tunazozijua zilitoka kwa miti shamba.

Kutumia mafuta ya namna hii kwa kunusa, kupaka na kukanda mwili huitwa aromatherapia. Neno lenyewe lilienezwa na mwanakemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1937. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko neno. Watu wa pwani wamefukiza udi na ubani tangu enzi na enzi, na kule Pemba, mahali paitwapo Wawi, kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa.

MITI YETU WENYEWE

Mkaratusi si mti wa asili hapa. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za kuendesha treni. Reli yenyewe ilifika Eldoret mwaka 1924. Leo mikaratusi iko kila upande wa mji huu, kwa nguzo za stima, mbao na kuni.

Hapa tuseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mikaratusi haifanani. Kitu kinachofanya pua ihisi imefunguka huitwa sineoli, na mafuta ya mkaratusi yanayokubaliwa kama dawa hutakiwa yawe na sineoli angalau asilimia 70. Bluugamu yenyewe hasa inayo ya kutosha. Lakini mingi tunayopanda kwa nguzo ni aina nyingine zinazokua haraka, na majani yake yana sineoli kidogo. Kwa hivyo mtu akikuonyesha mafuta na kusema ameyakamua kwa miti ya jirani yako, anaweza kuwa anasema kweli na bado asiwe na dawa.

Mfano mzuri hauko mbali, uko Kakamega. Kando ya msitu ule, kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru kilianza kulima kwenye mashamba yao aina ya mrehani yenye harufu ya kafuri. Jina lake la kitabuni ni Ocimum kilimandscharicum, kutokana na mlima Kilimanjaro. Walishirikiana na watafiti wa icipe ya Nairobi, wakakamua mafuta, wakatengeneza dawa ya kupaka ya mafua na maumivu iliyouzwa kwa jina la Naturub. Mwaka 2010 walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kwa kupata riziki bila kumaliza msitu. Ni jirani zetu wale, watu wa jembe kama sisi. Tutarudi kwao tukizungumza habari ya biashara.

YANAPOSAIDIA

Tuseme ukweli bila kuongeza. Mtu mzima mwenye mafua akinusa matone 2 au 3 kwenye kitambaa, hujisikia nafuu. Hasa mentholi huamsha mishipa ya baridi ndani ya pua, mtu akaona hewa inapita, hata kama uvimbe wenyewe haujapungua. Hiyo si kitu kidogo ukiwa umekesha usiku bila usingizi. Lakini ni nafuu, si uponyaji. Mafua huisha yenyewe baada ya siku kadhaa.

Mgongo uliochoka na shamba, au magoti ya mzee, husikia vizuri yakikandwa. Sehemu ya nafuu hiyo ni ya mafuta, na sehemu kubwa, kwa maoni yetu, ni ya ile mikono. Tumeliona hili hasa kwa wagonjwa wanaotunzwa nyumbani. Mgonjwa aliyelala kitandani miezi mingi huguswa tu anapooshwa au anapogeuzwa. Ukimkanda miguu polepole kwa mafuta yenye harufu anayoipenda, wasiwasi hupungua kwa muda na wengine hulala. Vikundi vinavyotembelea wagonjwa vingeweza kufanya hivyo bila gharama kubwa, mradi mgonjwa mwenyewe akubali harufu hiyo. Mgonjwa mwenye kichefuchefu anaweza kuchukia ile ile unayoisifu wewe.

Jino likiuma usiku, tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba, likishikizwa kwenye jino bila kumezwa, hutuliza mpaka asubuhi uende kwa daktari wa meno. Hii ni ya watu wazima.

Lakini hakuna hata mafuta moja kati ya haya yanayoua nimonia ndani ya mapafu, au malaria kwenye damu, au TB. Mtu anayekohoa wiki 2 aende akapimwe makohozi, hata kama kifua "kimefunguka." Mwenye dawa za presha au pumu asiziache. Tena kwa watu wengine wa pumu harufu kali ndiyo huleta kubanwa kwenyewe. Na mafuta ya kufukuza mbu yakusaidie jioni ukiwa nje, ila kitandani ni chandarua.

HABARI YA KUJIFUKIZA

Kujifukiza kwa majani chini ya blanketi ni desturi ya wengi. Mwaka 2020, wakati wa korona, kulivuma Afrika Mashariki nzima, na kule Tanzania viongozi wenyewe waliwahimiza watu wapige nyungu. Haijathibitishwa kwamba mvuke huua virusi ndani ya mwili. Kilichothibitishwa ni kwamba sufuria ya maji yanayochemka ikimwagika mapajani huunguza vibaya, na wanaoungua zaidi ni watoto walioingizwa chini ya blanketi na mzazi mwenye nia njema.

Mtu mzima akitaka kujifukiza, maji yaondolewe kwenye jiko, yamiminwe kwenye beseni lililokaa imara juu ya meza, yaachwe dakika chache. Atumie majani machache badala ya mafuta ya chupa, afumbe macho, na dakika 5 mpaka 10 zinatosha. Watoto wawe nje ya chumba. Mtoto asifukizwe hata kidogo, hata akipakatwa.

WATOTO

Sasa tumjibu yule mama. Mtoto mchanga apakwe wapi? Hapana mahali. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe mafuta wala dawa yenye kafuri, mentholi au mkaratusi, si kifuani, si mgongoni, si kwenye nyayo, na zaidi ya yote si puani wala chini ya pua. Njia yake ya hewa ni nyembamba. Ile harufu kali inaweza kuifanya ijifunge ghafla, pumzi ikakatika. Tunajua nyanya wengi wamewapaka wajukuu na hawakuona ubaya. Hatuwalaumu, walifanya kwa upendo. Lakini soma karatasi ya dawa hizi za kupaka zinazouzwa madukani na utaona wenye kuzitengeneza wanasema vivyo hivyo, wa chini ya miaka 2 hapana.

Badala yake fanya hivi. Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Pua ikiziba, chovya ncha ya kitambaa safi kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, umlainishie na kumpangusa. Mfunike apate joto, na mtoe jikoni penye moshi. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1.

Kisha hesabu pumzi. Jambo hili kila mwanachama anaweza kujifunza, hata ambaye hakwenda shule sana, mradi ajue kuhesabu. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Funua kifua, tazama kinavyopanda, hesabu kwa dakika 1 nzima ukitumia saa au simu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, hiyo ni haraka mno. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka 1, ni mara 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 5, ni mara 40 au zaidi. Mtoto kama huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kwa maana huenda ni nimonia, nayo inataka dawa ya hospitali.

Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usihesabu tena. Nenda, hata kama ni usiku, hata kama ni kumwamsha jirani mwenye pikipiki. Ubaya mkubwa wa kichupa ni huu: kinampa mzazi kitu cha kufanya, naye anangoja aone kama kitafanya kazi. Nimonia haingoji. Siku mbili za kupaka zinaweza kuwa siku mbili za mwisho.

Jambo la pili la watoto ni kunywa. Mafuta haya yananukia kama peremende, na mtoto wa miaka 2 au 3 huyaonja. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi au ya kafuri kinaweza kumfanya mtoto mdogo apoteze fahamu, ashikwe na degedege, hata afe. Ya karafuu huharibu ini. Dalili zinaweza kuanza kwa dakika chache tu. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu akishikwa na degedege wakati wa kutapika, matapishi na mafuta huingia mapafuni. Usipoteze wakati ukitafuta maziwa. Mlaze kwa ubavu, mpeleke hospitali mara moja, na kichupa ukibebe ili daktari aone ni mafuta gani.

Kwa hivyo kichupa kikae juu, kwenye sanduku lenye kufuli kama lipo. Kisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Tumeona hayo kwa mafuta ya taa miaka mingi, na bado yanatokea. Kisiwekwe karibu na jiko au koroboi pia, mafuta haya hushika moto.

Tukiwa hapo hapo, tutaje zile tembe nyeupe za kuwekea nguo zisiliwe na nondo. Watu huziita kafuri, lakini nyingi ni naftalini, kitu kingine kabisa. Nguo na mablanketi ya mtoto mchanga yasiwekwe pamoja nazo. Naftalini inaweza kuharibu damu ya mtoto, hasa wale waliozaliwa na udhaifu fulani wa damu ambao kwa macho hauonekani.

KUCHANGANYA NA KUPAKA

Mtu mzima asipake mafuta makali yakiwa matupu. Yachanganywe na mafuta ya kawaida, kama ya alizeti au ya nazi. Kipimo chetu ni matone 12 kwa vijiko 2 vya mezani. Kwa mzee mwenye ngozi laini, matone 6. Kwanza paka kidogo ndani ya mkono, ungoje mpaka kesho. Ikiwasha au ikiwa nyekundu, si yako hiyo. Usipake penye kidonda wala karibu na macho. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda ukaonwe.

Mafuta ya ndimu na jamii yake yana tabia ya kuiunguza ngozi ikipigwa na jua, kwa hivyo usiyapake asubuhi ukaenda kupalilia. Mama mjamzito, hasa miezi 3 ya kwanza, aachane nayo isipokuwa amemwuliza nesi wa kliniki, na yenye kafuri ayaache kabisa. Na kunywa? Mtu yeyote asinywe, hata tone kwenye chai. Ukitaka mchaichai kwenye chai, tia majani.

JE, CHAMA KINUNUE?

Maoni yetu ni kwamba chama kisitoe pesa kununua vichupa vya kuuza kama dawa. Hamjui kilichomo ndani. Kichupa kisicho na jina la mmea, jina la mtengenezaji, tarehe, wala kipimo, ni harufu tu mmenunua. Kitu kinachouzwa kwamba kinatibu ni kazi ya Bodi ya Famasia na Sumu kukikubali kwanza, na sabuni au mafuta ya kujipaka yanatakiwa yawe na alama ya Shirika la Viwango, KEBS. Na mtoto wa jirani akidhurika, atakayekumbukwa ni mwanachama aliyeuza. Mwenye steji atakuwa ameshahamia Kitale.

Lakini kulima na kukamua ni jambo jingine, linaweza kufaa. Angalieni tena wale wa Muliru. Walikuwa na watafiti waliopima mmea, na bidhaa yao ilisajiliwa kabla ya kuingia dukani. Wengi wakisikia habari kama hiyo hukimbilia kutafuta fundi wa kuchomelea pipa. Msianze na mtambo. Anzeni na mnunuzi: ni nani atakayechukua mafuta yenu, ya mmea gani, kiasi gani kwa mwezi, na atapima vipi ubora. Kisha ulizeni kuni za kuchemshia zitatoka wapi, kwa sababu kukamua kunakula kuni, na hakuna maana ya kukata miti kumi ili kupata chupa moja. Ikiwa mnunuzi hajapatikana, mchaichai uliokaushwa vizuri kivulini na kufungwa kwa paketi hauhitaji mtambo wowote, na wapo wanaoununua kwa chai.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nyumbani kwako kuna mafuta au dawa gani za kupaka zenye harufu kali? Zinakaa wapi, na mtoto wa miaka 3 akipanda kiti anazifikia?

2. Mzee anayeheshimiwa akisema mtoto apakwe kafuri, mama mdogo wa nyumba hiyo amjibuje bila kumvunjia heshima? Wawili waigize mbele ya wengine.

3. Usiku wa manane mtoto amebanwa. Ni nani katika kikundi mwenye pikipiki au gari, na nambari yake ya simu inajulikana na nani? Mfuko wa dharura wa chama unaweza kutoa nauli bila kungoja mkutano?

4. Kabla ya kufunga, kaeni wawili wawili. Kila mmoja ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika nzima, mwenye saa akitoa ishara ya kuanza na kumaliza. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 mpaka 20. Mkizoea kwa wakubwa, mama mwenye mtoto aliyelala akubali kikundi kihesabu kwake, halafu mlinganishe mlichopata.